Kikombe cha Kahiki

Kabla ya Novemba 2000, mtu aliyepita barabara ya East Broad, upande wa mashariki wa jiji la Columbus, Ohio, asingeweza kuupita mkahawa wa Kahiki bila kugeuza shingo. Paa lake lilibonyea katikati na kuinuka kwenye ncha zote mbili mithili ya jahazi, na mbele ya mlango walisimama Moai wawili, nakala za sanamu za mawe za kisiwa cha Rapa Nui katika Pasifiki, wakiwaka moto utosini. Ndani mlikuwa na kijiji kizima cha vibanda vya kuezekwa, matangi ya samaki, mvua ya bandia iliyonyesha nyuma ya vioo pamoja na radi zake, na meko makubwa yenye umbo la uso wa Moai ambao macho yake yaling'aa. Mkahawa huo ulifunguliwa mwaka 1961, ukaingizwa mwaka 1997 katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria, na miaka mitatu baadaye ukabomolewa ili lijengwe duka la dawa. Mimi nilihamia Columbus mwaka uliofuata, kwa hiyo yote ninayoyajua kuhusu ndani ya Kahiki niliyapata kwa Ami.

Ami alikuwa mzee wa Lamu, na hilo ndilo jina ambalo vijana wote wa Pwani tulioishi mjini humo tulimwita. Alifika Marekani kusoma, masomo yakamshinda karo, akaishia kuosha vyombo usiku katika jiko la Kahiki kwa miaka mingi. Alikuwa Mwislamu asiyegusa kileo, na hakuwahi kuonja hata tone la kilichomiminwa katika vikombe vile vyenye sura za watu. Lakini alivijua kwa vidole, kila pua, kila sikio na kila mahali ambapo sabuni hujificha. Alinisimulia jinsi gongo lilivyopigwa ukumbini kila ilipoagizwa ile Mystery Drink, kinywaji cha bakuli moja kwa watu wanne, kikaletwa mezani na msichana asiyesema neno huku wateja wote wakigeuka kutazama. Jengo lilipobomolewa, Ami hakuwa na kumbukumbu yoyote ya kushika mkononi. Ndipo alipoanza kuzunguka katika maduka ya mitumba na mauzo ya uani akitafuta kikombe kimoja tu kilichotoka katika jiko lake, na mimi, kwa kuwa nilikuwa na gari na sikuwa na zamu Jumamosi, nikawa dereva wake.

Lazima niseme kwamba mwanzoni kazi hiyo haikunikalia vizuri moyoni. Upande wa mama mimi ni Mgiriama, na nilikua nikisikia habari za vigango, zile nguzo za mbao ambazo wazee wetu huwachongea wanachama waliofariki wa Gohu, chama cha heshima cha wazee, ambazo wezi huzing'oa usiku na kuziuza hadi zikafika katika nyumba za matajiri na majumba ya makumbusho ya Marekani. Kwa hiyo nilipoona kwa mara ya kwanza, kwenye rafu ya duka la mitumba, kati ya kikombe cha benki na kikombe cha kumsifu baba, uso uliochongwa kwa mtindo wa mababu wa watu fulani ukiwa na kibandiko cha dola moja na senti tisini na tisa kwenye paji, nilirudi nyuma. Nikamwuliza Ami kama haoni haya kushika mizimu ya wenyewe.

"Kipindue, mwanangu," aliniambia. "Usiseme na kitu kabla hujakitazama chini."

Chini yake pameandikwa OMC, na neno Japan. Kuanzia hapo, kila siku tulipokuwa njiani, Ami alinifundisha jinsi vikombe hivyo vilivyokuja duniani. Mnamo 1933 kijana aliyeitwa Ernest Gantt, aliyekuwa amezunguka bahari za kusini, alifungua baa ndogo Hollywood, akaipamba kwa nyavu na vipande vya mitumbwi, akajiita Don the Beachcomber. Mwaka uliofuata Victor Bergeron alifungua ya kwake Oakland, ambayo baadaye ilijulikana kama Trader Vic's. Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia, na maelfu ya askari wakaona visiwa vya Pasifiki kwa macho yao; wakarudi, na mwaka 1959 Hawaii ikawa jimbo la Marekani, na kila mji uliojiheshimu ukataka mkahawa wake wenye mianzi na sanamu. Mikahawa ilihitaji vikombe, na viwanda vya Japani vikavifinyanga kwa wingi kwa ajili ya kampuni za Marekani kama Otagiri, ambayo alama yake ni hiyo OMC, na Orchids of Hawaii, ambayo licha ya jina lake ofisi zake zilikuwa New York. Wafinyanzi hao walichanganya uso wa Wamaori, macho ya visiwa vya Marquesas na kidevu cha Rapa Nui katika kikombe kimoja, jambo ambalo hakuna mchongaji wa visiwa hivyo angelifanya. Wapo wenyeji wa Polinesia ambao linawaudhi hadi leo, nami naona wana haki. Lakini kikombe chenyewe hakikuibwa kaburini kwa mtu. Kilitengenezwa kiuzwe, na chini yake kinasema hivyo waziwazi.

Ami alikuwa na utaratibu asioubadilisha. Tangazo la mauzo alilikata kwenye gazeti la Columbus Dispatch tangu katikati ya wiki, akapanga anwani kwa ukaribu wake, akabeba noti ndogondogo, tochi na magazeti ya kufungia. Kikombe alikishika kwa vidole viwili, akakigonga kwa ukucha na kusikiliza: kizima hulia, chenye ufa hujibu kwa sauti iliyokufa hata kama jicho halioni kitu. Kisha alipitisha kidole gumba kwenye mdomo wa kikombe, kwenye ncha ya pua na kwenye masikio, kwa sababu huko ndiko vinakomeguka vikigongana katika sinki, na yeye alijua hilo kuliko mtu yeyote. Mara nyingi tulichokipata ni vikombe vya Benihana, mikahawa ya Kijapani, vyenye sura za miungu ya bahati ya Kijapani, ambavyo wauzaji wengi huviita tiki, yaani vikombe vyenye sura za Kipolinesia kama vya Kahiki, na sivyo. Tulipata pia vijiti vya kukorogea vinywaji, vibiriti vya karatasi, menyu zilizolowa, na siku moja kadi ya posta ya Kahiki yenyewe ambayo Ami aliibusu mbele ya watu.

Jumamosi ninayotaka kuieleza ilikuwa ya kiangazi cha mwaka 2004. Tangazo lilitaja nyumba ya matofali karibu na Bexley ambamo mzee aliyekuwa baharia wa vita amefariki, na watoto wanauza kila kilichomo. Mauzo ya namna hiyo si kama yale ya uani, ambapo mtu hutandika vitu kwenye nyasi. Hapa unaingia ndani ya nyumba ya marehemu, unafungua kabati zake, na kila kitu kina bei, hadi chumvi iliyobaki jikoni. Watu hupanga foleni alfajiri na kupewa namba. Tulipofika palikuwa na wafanyabiashara mbele yetu, na miongoni mwao mwanamume mmoja mwenye lenzi shingoni ambaye tulikuwa tumekwisha kumwona katika mauzo mengine akinunua tiki na kuziuza kwenye mnada wa intaneti kwa bei ya kutisha.

Mlango ulipofunguliwa, karibu wote walipanda ghorofani kutafuta saa na vyombo vya fedha, na yule mwenye lenzi akaingia sebuleni. Ami alinishika mkono.

"Twende chini," akasema. "Waliotoka Pasifiki walijenga baa zao chini ya nyumba."

Alisema kweli. Ngazi za mbao zilitufikisha katika chumba cha chini ya ardhi ambacho kuta zake zilifunikwa mikeka iliyogeuka rangi ya asali. Kaunta ilijengwa kwa mianzi iliyofungwa kamba kwa mkono, fundo kwa fundo, na mtu aliyejua mafundo ya bahari. Juu yake zilining'inia taa za boya za kioo na wavu wa samaki. Nilikaa pale kwa muda bila kugusa kitu. Nimeona mikahawa kadhaa ya aina hii tangu wakati huo, lakini hakuna iliyonigusa kuliko kazi ile ya mtu mmoja aliyeitengenezea familia yake kisiwa chini ya nyumba yenye theluji miezi minne ya mwaka.

Vikombe vilipangwa nyuma ya kaunta, na Ami alivipita vyote. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya vyombo vya ufundi iliyokuwa pembeni, ambako kikombe cha rangi ya kahawia chenye uso uliokunjamana kilijazwa penseli za seremala. Hakukipindua. Alizitoa penseli moja moja, akazilaza mezani, akapitisha kidole gumba nyuma ya sikio la kushoto na kunitazama huku macho yamejaa machozi. Ndipo akanipa nikisome mimi. Chini pameandikwa Kahiki, Columbus, Ohio. Kibandiko kilisema dola nne.

Binti wa marehemu, mama wa makamo aliyekuwa akipokea pesa mwenyewe bila kuajiri madalali, alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko. Ami alimwamkia kwa heshima, akaweka kikombe mbele yake, na kabla ya kutoa pesa akamwambia wazi kwamba bei hiyo ni ndogo mno, kwamba yuko mtu humu ndani ambaye atalipa mara nyingi zaidi, na kwamba ni haki yake kujua. Yule mama alishangaa. Akamwuliza kwa nini basi anakitaka, na Ami akamweleza kuhusu jiko la Kahiki, sinki zake tatu na maji yake ya moto. Mama yule akacheka kwa furaha, akasema wazazi wake walikula huko kila mwaka siku ya kuadhimisha ndoa yao, na walikwenda tena Agosti ile ya mwisho, mkahawa ulipokuwa unafungwa. Huenda, alisema, uliosha vyombo vya mezani kwao. Alikataa kuongeza hata senti. Ami, ambaye nilimwona mara nyingi akishindania robo dola, akamwekea noti ya dola ishirini na kukataa chenji.

Nilirudi chini kuchukua magazeti yetu, na hapo nikaiona sanamu. Ilikuwa ya mbao nyeusi, fupi kuliko mkono wangu, imesimamishwa mwisho wa kaunta kati ya chupa tupu, na bei yake ilikuwa dola kumi. Niliipindua kama nilivyofundishwa. Haikuwa na alama, wala jina la nchi, wala gundi ya kibandiko cha zamani. Palikuwa na alama za shoka na sehemu iliyooza kidogo, kama mti unavyooza ukisimama ardhini. Nilipanda nayo juu nikamwuliza yule mama ilikotoka. Alisema baba yake alirudi nayo kutoka visiwa vya Solomon, na hakupenda kuizungumzia.

Sikuwa na ujuzi wa kusema ni nini. Lakini nilimweleza kuhusu vigango, jinsi vinavyosimamishwa ardhini kwa ajili ya mtu mwenye jina na ukoo, na jinsi kaya inavyoumia vikiondoka. Nikamwomba kabla ya kuiuza aipeleke kwa wataalamu wa visiwa hivyo katika jumba la makumbusho, wamwambie kama yupo anayeidai. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akabandua kile kibandiko cha dola kumi, akaifunga sanamu kwa kitambaa cha meza na kuiweka kwenye kabati ya jikoni, wakati yule mwenye lenzi, aliyekuwa nyuma yangu na pesa mkononi, akilalamika kwamba kilichotangazwa lazima kiuzwe. Mama hakubadili uamuzi. Sikujua baadaye iliishia wapi. Miaka mitatu baada ya siku hiyo niliposoma kwamba kigango kilichoibwa Kilifi mwaka 1985 na kukutwa katika Illinois State Museum kimepokewa tena nyumbani kwa nyimbo na ngoma, nilimkumbuka na kumwombea heri.

Mwenye lenzi alitufuata hadi kwenye gari. Alikuwa amekwisha kuona kilichokuwa mikononi mwa Ami, akaanza na dola mia moja, akapanda mia na hamsini, akapanda mia mbili, na kila mara Ami alimjibu kwa upole kwamba kikombe hiki hakirudi sokoni. Alikifunga kwa kurasa za gazeti, akakipakata, akanikumbusha kwamba Whitehall kuna nyumba inayofungua saa nne na nyingine nyuma yake, na kwamba nami sasa nitafute cha kwangu. Whitehall tulikuta Benihana watupu. Katika nyumba ya pili nilinunua kikombe cha Orchids of Hawaii kwa dola moja, kizima, chenye kulia vizuri kikigongwa, na Ami akakikagua masikio yote mawili kabla ya kuniruhusu nilipe.