Siku moja maishani mwangu: gamba la konokono, kutoka printa hadi bronzi

Saa 12 asubuhi. Naanza na kalibu, ganda gumu ambamo bronzi (mchanganyiko wa shaba na bati) itamiminwa, kabla hata ya chai. Wiki nzima nimekuwa nikiijenga: umbo la plastiki lililotoka kwenye printa ya 3D, gamba la konokono lenye urefu wa sentimita 30, nimelichovya kwenye uji wa silika, unga wa mawe unaostahimili moto, nikalinyunyizia mchanga, nikalianika. Mara 8. Leo plastiki inateketezwa, iache nafasi ya bronzi. Kalibu inaingia kwenye tanuri ambalo tayari lina moto mkali, kwa sababu ikipashwa polepole plastiki hutanuka kabla ya kuyeyuka, na kalibu hupasuka.

Saa 3. Tanuri likifanya kazi yake, mimi niko kwenye kompyuta na gamba jingine. Lenyewe halizidi sentimita 6. Nililipiga picha 140 kwa jumla, kutoka pande zote, programu ikaziunganisha kuwa umbo moja. Nalikuza, naliacha wazi ndani kwa ukuta wa milimita 4, kisha naongeza asilimia 2, maana bronzi husinyaa ikipoa. Mafundi wa Igbo-Ukwu, Nigeria, walisubu, yaani walimimina bronzi kwenye kalibu, vyombo vya umbo hili hili katika karne ya 9, wakavijaza nakshi nyembamba kama nyuzi. Nikitazama picha za kazi yao nakiri kwamba printa haijanipa ustadi ule. Imenipa ukubwa, na ukuta ulio sawa.

Saa 6 mchana. Msasa, kwenye umbo jingine lililokwisha kutoka kwenye printa, na hapa ndipo muda wangu mwingi unapokwenda. Printa hujenga tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka huacha mstari. Gamba nalo lina mistari yake, inayopinda kufuata mdomo: konokono aliiacha mwenyewe alipokuwa akikua. Mistari ya printa huikata hiyo bila kujali. Wapo wachongaji wanaoiacha makusudi ili mkono wa mashine uonekane, na nimeona kazi zao nzuri. Mimi siwezi. Nataka anayeligusa gamba asome umri wa mnyama, si mwendo wa mashine. Kwa hiyo nasugua kwa kufuata mpindo, kidole kikitangulia msasa.

Saa 9 alasiri. Kusubu. Nimepuliza majivu yote kutoka kwenye kalibu, nimeipasha tena, sasa imesimama mchangani. Bronzi imefika nyuzi joto 1,150 za Selsiasi. Mwenzangu anaengua taka zinazoelea, tunashika koleo kila mtu upande wake, hakuna anayeongea. Mmimino uwe mmoja: ukikatika, iliyotangulia huganda na inayofuata haishikani nayo. Bronzi ikichungulia kwenye matundu ya hewa, basi.

Saa 12 jioni. Nagonga kalibu kwa nyundo, vipande vinadondoka. Mizunguko yote imejaa hadi ncha. Ila ndani ya mdomo, mahali ambapo kidole changu hakikufika wiki iliyopita, kuna mistari saba iliyonyooka ya printa. Bronzi imeinakili yote. Nawasha taa, nachukua tupa nyembamba ya mviringo, naanza na ule wa nje.