Kitovu nilichokitazama bila ya kukigusa

Ndama wangu wa kwanza chotara alizaliwa katikati ya masika, huku kwetu kaskazini ya Pemba, juu ya makumbi yaliyokuwa yamerowa kwa siku kadhaa. Alisimama, akanyonya, nami nikaridhika. Wiki ya pili alianza kukataa chuchu, goti moja la mbele likavimba na kuwa la moto, na daktari wa mifugo alipofika homa ilikuwa imepita nyuzi 40. Sindano hazikuwahi kumwokoa.

Tulimpasua ili tujue kilichomuua. Kutoka kitovuni kuelekea mbele palikuwa na mshipa mnene kama kidole gumba, umejaa usaha, nao ulifika moja kwa moja kwenye ini, lililokuwa limetapakaa majipu, madogo kama kunde na mengine makubwa kama kungumanga. Daktari alinieleza kwamba mshipa huo ndio unaompelekea ndama damu kutoka kwenye kondo akiwa tumboni, na akishazaliwa husinyaa na kuziba. Bakteria wa kinyesi na udongo wakiuwahi kabla haujaziba, huwa wamepata njia ya kwenda kwenye ini, na damu huwasambaza hadi kwenye viungo. Kwa nje kitovu kilikuwa kikavu. Hilo liliniuma sana, kwani nilikitazama kila siku na sikukigusa hata mara moja.

Kwa uzazi uliofuata nilimhamishia ng'ombe penye nyasi kavu. Kitovu cha ndama nilikichovya chote ndani ya kikombe cha iodini, asubuhi na jioni, kwa siku tatu. Maziwa ya dang'a nilimnywesha kabla ya saa mbili kupita tangu azaliwe, ingawa mzee jirani yangu aliniambia, "Mwanangu, hayo yatamharisha." Nilimjibu kwa heshima kwamba utumbo wa ndama hupokea kinga ya mama kwa muda wa siku moja tu, na saa za mwanzo ndizo zenye faida kubwa.

Hata hivyo, siku ya tano nilipokipapasa kitovu nilikuta uvimbe wa moto, na ndama akarusha teke. Daktari aliitwa siku ile ile, akaanza penisilini, nasi tukaimaliza dozi yote aliyoipanga ingawa ndama alikwisha kuanza kucheza. Wiki tatu baadaye vidole vyangu vilikuta kamba nyembamba, baridi, naye akaendelea kunyonya.