Nilivyohangaika na SMS za oda kwenye WordPress

Dada yangu anauza vitenge mtandaoni, tovuti yake ni WordPress na WooCommerce (plagini, yaani programu ya kuongezea, inayoigeuza tovuti kuwa duka), akataka mteja akishalipa tu apate SMS. Nikaona plagini ya kununua ya nini, naandika mwenyewe. Nikachukua wp_remote_post (amri ya WordPress ya kutuma ombi kwenye seva nyingine, hapa ni ya kampuni ya SMS) nikaichomeka kwenye woocommerce_order_status_processing (pale oda inapoanza kushughulikiwa), nikaweka oda ya majaribio... kimya. Simu haijalia na kwenye logi hamna kosa hata moja, maana nilikuwa naangalia is_wp_error peke yake. Hapo ndo nilipotelea siku nzima jamani. Ile inalalamika tu ombi likishindwa kufika, seva ikipokea halafu ikakukatalia kwa 400 (namba ya jibu, maana yake ombi lina kasoro) yenyewe inaona poa tu. Nilipochapisha wp_remote_retrieve_response_code na majibu yenyewe ndo nikaona wenye seva ya SMS wanataka JSON (data kwenye maandishi ya mpangilio maalumu), mi nimewapa array (orodha ya PHP), na WordPress array inaituma kama fomu. Nikaipitisha kwenye wp_json_encode, nikaweka heda ya Content-Type application/json, namba za 07 nikazigeuza 2557, SMS ikaingia. Nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka.

Furaha ya siku mbili. Mteja akampigia dada, mbona nimepata meseji mbili, ina maana mmenikata mara mbili? Kumbe usipobadilisha, WordPress inasubiri jibu sekunde 5 tu, na ile seva ya SMS jioni inajivuta, inakuja cURL error 28 (muda wa kusubiri umeisha), na mi kwa ujanja wangu niliweka ikifeli itume tena. Wakati ombi la kwanza lilishafika zamani, ni sisi tu tulichoka kusubiri! Nikapandisha timeout, huo muda wa kusubiri, iwe sekunde 20, sasa ukurasa wa malipo ukawa unaganda, mteja anaangalia kiduara kinazunguka. Afadhali hata mwanzo.

Mwisho nikaitoa kabisa kwenye njia ya mteja, oda ikiingia naipanga foleni kwa as_enqueue_async_action (iko humohumo kwenye WooCommerce, na mi nimehangaika wiki nzima) inatumwa pembeni, na kabla ya kutuma naweka alama kwenye oda, alama ikiwepo hairudii. Ikifeli inaacha noti dada anatuma kwa mkono. Na kodi yenyewe niliihamisha kutoka functions.php (faili la thimu, yaani la sura ya tovuti) nikaifanya kaplagini, thimu ikisasishwa ingefutika yote.

Juzi dada kaniuliza tuongeze kaemoji ka moyo. Emoji moja tu SMS inashuka kutoka herufi 160 hadi 70, tunalipia mbili. Nimemwambia mfumo hauruhusu.