Tumbo tupu, tumbo shibe na akili

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yake. Mtu akifunga, ini huachilia akiba yake ya glukosi, ndiyo maana sukari ya damu haiporomoki. Tumbo tupu nalo hutoa grelini, homoni iliyotambuliwa mwaka 1999. Ikifika kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia njaa, mawazo huhamia kwenye chakula na subira hupungua.

Kwa wanaofunga hapa Lamu, kichwa kinachouma siku za mwanzo mara nyingi si njaa. Ni kahawa! Aliyeizoea akiikosa, kichwa huanza kugonga baada ya saa 12 hadi 24. Punguza kikombe kimoja kimoja kuanzia wiki moja kabla ya Ramadhani. Daku liwe na mbaazi, yai na maji ya kutosha. Mahamri na chai ya sukari peke yake hayakai tumboni.

Shibe nayo ina lake. Sinia ya wali wa nazi saa saba, saa nane macho mazito, maana saa hizo mwili wenyewe hulegea. Jamani, hesabu za duka zifanyeni asubuhi. Mchana wali pakueni nusu, samaki mzidishe.