Engaruka, mji wa wakulima chini ya ukuta wa Bonde la Ufa

Watu wakisikia mji wa kale Tanzania, akili inaenda Kilwa moja kwa moja, misikiti ya matumbawe na makaburi ya masultani. Mimi kwetu Moshi ila naishi Arusha, na nilikuwa natamani sana kuona huu wa kwetu huku bara, Engaruka, upo Monduli hapo hapo mkoani lakini ukiwatajia watu wa mjini wanakuambia habari za magadi soda yaliyopo kule basi.

Tukatoka asubuhi na gari ya Karatu, lami safi mpaka Makuyuni, unakata kulia mpaka Mto wa Mbu, pale tukanunua ndizi nyekundu na maji ya kutosha tukadandia landikruza la abiria linalopita Selela, barabara ile ile ya kwenda Ziwa Natron. Hapo ndo vumbi linaanza aisee. Kushoto muda wote una ukuta wa Bonde la Ufa, kulia nyika kavu, mbele mlima Ol Doinyo Lengai umesimama peke yake. Unajiuliza nani angekuja kulima huku.

Engaruka Juu tukalipa kiingilio ofisini, tukapewa mzee mmoja wa Kimaasai atuongoze, mtaratibu sana, kila tukimsalimia shikamoo anaitikia na kutuita wanangu. Mto unatoka kwenye korongo, maji baridi kabisa, unavuka halafu unaanza kupanda, na ghafla unagundua mawe unayokanyaga yamepangwa.

Mteremko mzima umechongwa ngazi ngazi, kila ngazi ina kitako cha duara kilichosawazishwa, na mbele kuna ukuta wa mawe unaozuia udongo usiporomoke, hakuna saruji wala tope katikati, jiwe limekaa juu ya jiwe mpaka leo. Hapo juu ya kitako ndo nyumba ilisimama. Vijiji vya hivi vilikuwa saba, vimejipanga chini ya ukuta wa bonde, na chini yake mashamba ya mawe yanaenda mpaka macho yanachoka, kama kilomita za mraba 20. Walianza kwenye karne ya 15 hivi na mpaka karne ya 18 bado walikuwepo.

Sasa kilichonishika mimi ni maji. Nimekulia kwenye mifongo, ile mifereji ya asili ya Uchaggani, najua zamu ya maji ni nini, najua watu wanavyoamka alfajiri kwenda kufungulia, kwahiyo mzee alipotuonyesha mfereji umejengewa mawe pembeni, umepita kwenye mteremko kwa mwinamo mdogo sana ili maji yasikimbie yakachimba, nilikaa chini kabisa nikauangalia. Na hawakuishia kumwagilia tu. Kwenye baadhi ya mashamba walipanga kuta fupi za mawe, wanaruhusu maji yenye tope yaingie taratibu, tope linatuama, maji yanapita, msimu baada ya msimu shamba linajaa udongo. Yani walitengeneza mpaka udongo wenyewe! Walilima mtama, punje zake wachimbaji walizikuta, na inaonekana mifugo walifungia karibu na nyumba ili mbolea iende shambani.

Mpelelezi wa Kijerumani Gustav Fischer alipita hapa 1883 akaandika kuhusu magofu haya, halafu 1935 akaja mwanaakiolojia Louis Leakey akakadiria watu elfu 30 mpaka 40. Waliofuata waliipunguza sana hiyo hesabu kwasababu sio nyumba zote zilikaliwa wakati mmoja. Mimi hata wangekuwa elfu tano wananitosha, maana hakuna ikulu pale, hakuna kaburi la mkubwa yeyote, ukubwa wote upo kwenye mfereji na shamba, na kazi ile haifanyiki bila watu kukubaliana nani apate maji saa ngapi.

Nikamuuliza mzee hawa walikuwa nani. Akasema, "Wanangu, sisi tulikuta mawe." Wapo wanaowahusisha na Wasonjo ambao mpaka leo wanalima kwa mifereji huko wilaya ya Ngorongoro, wengine wanataja Wairaqw. Kuhama kwao wengi wanahusisha na maji kupungua, na kweli makorongo mengine pale ni makavu kabisa, yana mchanga tu.

Kilichoniuma ni mbuzi. Wanapanda juu ya kuta, jiwe linadondoka, na hakuna wa kulirudisha. Serikali ingeweka hata walinzi na kibao cha maelezo, na shule za Arusha zingeleta watoto hapa, maana mtoto wa Ngarenaro anajua piramidi za Misri na hii haijui kabisa.

Ukitaka kwenda, kiangazi ndo poa maana masika ile barabara inakatwa na makorongo. Vaa viatu vigumu, mawe yanateleza na miba ipo ya kutosha, chukua mwongozaji wa pale pale kijijini, na usafiri wa kurudi uulizie mapema kabla hujaanza kupanda, gari za jioni ni chache.