Mpira Haukusikia

Jioni hii watoto wa jirani wanacheza kwenye mteremko wetu wa Kilimahewa. Mmoja akipiga kelele "Simama!" wote wanaganda walivyo, huyu mguu juu, yule mkono kichwani. Mpira peke yake ndio haukusikia. Umeshuka taratibu katikati ya mawe hadi mtaroni, na hakuna aliyethubutu kuukimbilia, maana anayetikisika ametoka. Nikausindikiza kwa macho, na ile pampu ya Ukerewe ikanirudia yote.

Mama mwenye shamba alikuwa kwenye wiki ya tatu ya kulalamika. Pampu yake huwashwa na saa na kuzimwa na kiwango cha maji, lakini baadhi ya usiku ilikuwa haizimi kabisa. Kwenda Nansio kwa meli ni siku ya kazi imeliwa, kwa hiyo nikaamua kudibagi, yaani kuisaka hitilafu ndani ya programu, nikiwa nyumbani. Kidhibiti, kile kikompyuta kinachoiongoza pampu, kilikuwa kinaendesha skripti, yaani programu fupi, za lugha ya JavaScript juu ya Duktape, injini ndogo ya kuziendesha inayotosha kwenye hifadhi ya flashi ya kilobaiti 160 na RAM ya kilobaiti 64. Ninachoipendea ni kwamba haijali unaongea nayo kwa njia gani: unaiandikia mwenyewe namna ya kusoma na kutuma baiti, iwe kwa waya au kwa laini ya simu. Mimi nilitumia laini ya simu. Nikazima pia wochidogi, ile saa ya ulinzi inayowasha upya kifaa kikiganda, kwa sababu ingenikatisha kila skripti iliposimama.

Saa mbili na robo usiku nikaweka brekipointi, alama ya kuisimamisha skripti, kwenye mstari unaouliza kama kiwango kimefika 95. Pampu ikawaka, skripti ikafika pale, ikasimama. Nikaomba thamani ya kiwango. Ikarudi: undefined. Sensa haikuwa imeleta kitu, na katika JavaScript kitu kisichokuwepo ukikiuliza kama kimefika 95, jibu ni hapana, leo na kesho. Wiki tatu zote za mama yule zilikuwa zimejificha hapo. Niligonga meza kwa furaha.

Nikabofya endelea. Kimya. Nikabofya tena. Mtandao haukukatika, ungekatika, Duktape ingeachana na mimi na kuendelea na skripti yake. Ulinyamaza tu, muunganisho ukionekana mzima, na kule kisiwani injini ikabaki inangoja neno langu kwa utii wote. Rilei, swichi inayoiwasha pampu, imebana, pampu inavuta.

Simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, mama."

Hata usiku ule hakuruka salamu. Nyuma ya sauti yake nikayasikia maji yakiporomoka kutoka juu ya simtanki la lita 5,000, yakiangukia kitalu cha miche ya nyanya alichokifunika kwa nyasi asubuhi yake. Nikamwambia akazime swichi kubwa, ile nyekundu ya ukutani. Nikasikia kandambili zikichapa kwenye tope, mlango wa banda ukilia, kisha mngurumo wa pampu ukashuka, ukafa. Maji yakaendelea kidogo. Halafu matone. Halafu tukabaki tunasikia pumzi zetu.

"Nimeupata ugonjwa wake, mama," nikasema.

Akanyamaza kwanza. "Kwa hiyo wakati maji yanamwagika, wewe ulikuwa unaiona?"

Nikasema ndiyo. Papo hapo nikasema hapana.

Wiki iliyofuata nilipanda meli. Waya wa sensa ulikuwa umelegea kwenye kiungio, nikaubadilisha. Nikaongeza mstari: kipimo kisipopatikana, zima pampu. Na nikaweka kikomo, kwamba injini isiposikia lolote kutoka kwangu kwa sekunde 10, iachane na mdibagi. Miche mingi ilikuwa imeoza; nilimnunulia mbegu, akazipokea kwa mikono miwili.

Lile swali bado ninalo. Nilikuwa naona neno moja kwenye skrini, na neno hilo lilikuwa kweli tupu. Kitalu sikukiona. Kama ningekiona, sijui kama nisingeuliza thamani kwanza.

Giza limeingia. Mtoto mmoja yuko mtaroni na tochi ya simu, anautafuta mpira.