Bereti ndani ya kopo la biskuti

Huu ni mwaka wa kumi na moja niko Staffordshire, katikati ya Uingereza, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Wenyewe tunaita kea. Saa moja asubuhi uko mlangoni, unamwamsha mzee, unamwogesha, unampa dawa na chai, unaandika kwenye simu kwamba umemaliza, kisha unakimbilia nyumba nyingine. Ndugu zangu wa Tabora mnaouliza kwa nini sauti yangu kwenye simu ina uchovu, ndiyo hiyo.

Kuna bibi mmoja namhudumia mwaka wa tatu sasa. Ameniruhusu nisimulie habari zake, ila si jina lake. Ana miaka 78, mikono inamtetemeka, na kufunga vifungo vya sweta kwake ni kazi ya kila asubuhi. Naruhusiwa kumfungia vyote isipokuwa cha juu. Hicho lazima akifunge mwenyewe, hata kikichukua dakika tano, nami nimejifunza kusimama kando na kusubiri. Mwanzoni nilidhani ni ukaidi wa uzee. Siku moja akanieleza bila kuniangalia: askari haendi paredi amefungwa vifungo na mtu mwingine.

Nikamuuliza, "Ulikuwa jeshini?"

Akanyamaza. Baada ya wiki mbili hivi akaniomba nimshushie kopo la biskuti juu ya kabati. Ndani kulikuwa na bereti iliyopauka na kuliwa na nondo upande mmoja. Chini yake picha ya msichana mwenye mashavu mekundu, kaegemea Land Rover, sufi ya kufutia grisi mkononi. Na chini kabisa karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Nilisoma mstari mmoja tu kisha nikaielewa yote: utumishi wake hauhitajiki tena.

Aliingia jeshini mwaka 1966 akiwa na miaka 19, dereva katika kikosi cha wanawake. Alipelekwa Ujerumani. Anakumbuka bado jinsi ya kusikiliza giaboksi na kujua gia gani inaumwa. Mwaka 1971 mtu alikuta barua aliyomwandikia msichana mwenzake, nao walikuwa wapenzi. Polisi wa jeshi walikuja usiku wa manane, wakamwaga kila kitu chake sakafuni, wakamsomea barua zake kwa sauti mbele yake. Siku mbili walimhoji, na maswali yenyewe siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mama yangu anasoma. Mwenzake naye walimfukuza. Hawakuonana tena. Alimwambia baba yake kwamba amechoka jeshi tu, na mzee yule alikufa akiamini hivyo. Na kila alipoomba kazi, ile miaka mitano aliiacha wazi kwenye fomu, kama mtu aliyekuwa amelala.

Nilimfunga sweta siku ile mikono yangu ndiyo inatetemeka.

Nieleze kidogo sheria, maana wengi kwetu wanadhani Wazungu walizaliwa na mambo haya. England na Wales ziliacha kuwafunga wanaume wazima wanaopendana faraghani mwaka 1967 tu. Wanawake sheria ya raia haikuwahi kuwafunga kwa jambo hilo. Lakini jeshi lilibaki na sheria zake: ukijulikana, unachunguzwa na kutolewa, uwe mwanamume au mwanamke, uwe umefanya kazi miezi sita au miaka ishirini. Hilo lilikwenda hadi watu wanne walipopeleka kesi Strasbourg, kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mmoja wao, Jeanette Smith, alikuwa muuguzi wa jeshi la anga. Mwingine, Graeme Grady, alikuwa sajenti wa jeshi hilohilo. Duncan Lustig-Prean na John Beckett walitoka jeshi la majini. Tarehe 27 Septemba 1999 wakashinda, na tarehe 12 Januari 2000 marufuku ikaondolewa.

Serikali ilijitetea kwamba askari wengine hawatapenda, na ari ya jeshi itashuka. Majaji walijibu kwamba chuki ya walio wengi haitoshi kuwa sababu, kama isivyotosha chuki ya rangi au asili ya mtu. Hapo mimi nilisimama. Nilirudia kusoma sentensi ile jikoni kwangu, chai ikapoa. Maana mimi ni mtu mweusi wa Tabora, na najua ari ya nani ilikuwa ikilindwa zamani babu zetu walipoambiwa wabebe mizigo ya jeshi na si bunduki.

Kwetu kuna habari ambayo kila mtoto wa ukoo anaijua kwa mstari mmoja tu. Babu yake baba alichukuliwa upagazi wa vita, vita ile ya kwanza ya Wajerumani na Waingereza, akaondoka na mzigo kichwani, hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna karatasi. Wanyamwezi tulikuwa wapagazi maarufu kabla ya reli, basi vita ilipokuja tulibebeshwa. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho cha wapagazi wa Waingereza. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi akaomba radhi bungeni. Nilimsomea bibi habari hiyo. Akaniuliza jina la babu huyo. Nikamwambia silijui, wala nyumbani hakuna anayelijua. Akashika mkono wangu muda mrefu.

Sasa nije kwa baba mdogo, ambaye ndiye aliyenilea pale Isevya, Tabora.

Baba mdogo ni mwanajeshi mstaafu wa JWTZ. Alipigana Kagera, akafika Kampala Aprili 1979. Ana miaka 70 na bado anachomekea shati kila asubuhi hata kama anakwenda tu kukaa chini ya mwembe. Ni mtu wa msikiti, na mambo haya ninayoyaandika hayapendi. Nilijua hivyo kabla sijampigia. Lakini sikuweza kukaa na habari ya bibi peke yangu, na katika watu ninaowajua, ni yeye tu anayelijua jeshi kwa ndani.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Baridi inasemaje huko?"

Nikamweleza. Nilihangaika na maneno, nakiri. Kiswahili cha mtaani kwetu kina majina mengi ya watu hawa, na karibu yote ni matusi. Sikutaka kumtukana bibi yangu kwa lugha yangu mwenyewe. Nikasema: alimpenda mwanamke mwenzake, wakamfukuza.

Akavuta pumzi. "Jeshi ni nidhamu, mwanangu. Kwenye handaki mnalala bega kwa bega. Mambo hayo yanaleta vurugu."

"Alifanya vurugu gani, baba mdogo? Alikuwa anaendesha gari. Miaka mitano hana kosa."

"Sheria ilikuwepo, na aliijua."

"Aliijua. Na sheria ya kumpa mzungu mshahara mkubwa kuliko mwafrika kwenye KAR, jeshi la mkoloni, nayo ilikuwepo."

Hilo halikumfurahisha, akasema nisichanganye mambo. Tukakaa kimya, nasikia jogoo upande wake. Kisha nikamsimulia habari ya Joe Ousalice. Huyu ni wa hadharani, magazeti yalimwandika. Alikuwa mtu wa redio jeshi la majini, karibu miaka 18, alipigana vita ya Falklands. Mwaka 1993 alifukuzwa kwa sababu anavutiwa na wanaume pia, na medali yake ya utumishi mrefu na tabia njema ikakatwa kwenye sare yake kwa mkasi. Alirudishiwa Januari 2020, baada ya kupigania mahakamani.

"Walimkata medali kifuani?"

"Ndiyo."

"Amekwisha kupigana vita, wakamkata medali?"

"Ndiyo, baba mdogo."

Kimya kingine. Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Na pensheni yake? Na huyo bibi yako, kiinua mgongo walimpa?"

Nikamwambia hakupewa kitu. Nikasikia anamwita mke wake, "Njoo usikie walichomfanya askari huko." Medali yake ya Kagera iko kwenye kabati la vyombo sebuleni, imefungwa kwenye leso nyeupe, na sisi watoto tulikuwa tukipigwa tukiigusa.

Sisemi alibadilika. Mpaka leo anasema anachokisema kuhusu dini, nami simbishii kwenye dini yake. Ila tangu siku ile kila Jumapili anauliza, "Bibi wamemlipa?"

Wamemlipa. Baada ya uchunguzi ulioongozwa na jaji Etherton, ambao ulisikiliza zaidi ya watu 1,100 na kutoa mapendekezo 49, Waziri Mkuu aliomba radhi bungeni tarehe 19 Julai 2023. Desemba 2024 serikali ikatangaza mfuko wa pauni milioni 75, na aliyefukuzwa kwa ajili ya jambo hili anastahili pauni 50,000. Nilikaa na bibi mezani tukijaza fomu. Pale palipotaka aeleze yaliyompata, aliandika mistari miwili, akaikata, akaandika tena ileile. Hela ilipoingia hakununua kitu wiki nzima, kisha akaagiza mashine ya kufulia. Barua ya kuombwa radhi ndiyo aliyoiweka kwenye kopo, juu ya ile karatasi ya zamani.

Marekani sasa inarudi ilikotoka, na hili linaniuma. Kule kulikuwa na sheria ya usiulize, usiseme, iliyowatoa askari zaidi ya 13,000 kabla ya kufutwa tarehe 20 Septemba 2011. Waliobadili jinsia waliruhusiwa kutumikia wazi mwaka 2016, wakazuiwa 2019, wakarudishwa 2021. Januari 2025 Rais Trump akasaini amri ya kuwatoa tena, na Mei mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaruhusu itekelezwe wakati kesi zinaendelea. Mmoja wa waliofungua kesi, Emily Shilling, alikuwa rubani wa jeshi la majini aliyeruka misheni 60 za vita. Misheni 60, kisha anaambiwa hana sifa za kuwa askari. Wako vijana wa Kitanzania ninaowajua waliojiunga na jeshi la Marekani ili wapate uraia. Nao wajue kwamba anayeweza kufuta utumishi wa mwenzao kwa saini anaweza kuufuta na wao.

Mtaniambia nihangaike na ya kwetu. Nahangaika. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu yetu, kinachoweza kumfunga mtu maisha kwa mambo haya, tulikirithi kwa wakoloni. Aprili 2018 Theresa May, akiwa Waziri Mkuu, alisema mbele ya wajumbe wa Jumuiya ya Madola kwamba anajutia sana sheria za namna hiyo ambazo nchi yake ilizipeleka kwingine. Wao wamezifuta kwao na wanawalipa waliowaumiza. Sisi tumebaki nazo na tunaziita mila zetu. Ninajua kuna vijana wa Tabora wanaosoma hapa kwa siri, na mmoja aliwahi kuniandikia kwamba aliacha ndoto ya jeshi akiwa bado kuruta JKT kwa hofu tu ya kujulikana. Kwata alikuwa anaiweza kuliko wote, anasema. Nilimwamini.

Mwezi Novemba, siku yangu ya mapumziko, nilimpeleka bibi Alrewas, karibu na Lichfield, kwenye bustani ya kumbukumbu za askari wa taifa hili. Mfalme Charles alikuwa amezindua mnara wa askari kama bibi tarehe 27 Oktoba 2025. Ni barua kubwa ya shaba iliyofinyangwa kama karatasi ya kutupwa, na juu yake yamechongwa maneno ya askari waliofukuzwa. Kiti cha magurudumu kilikwama mara mbili kwenye majani yenye maji. Bibi alivaa bereti ile, upande ulioliwa na nondo nimeugeuza nyuma. Miwani alikuwa ameisahau, basi mimi ndiye niliyemsomea, mstari kwa mstari, na yeye akipitisha kidole. Kwenye neno moja aliniambia nirudie. Kisha akaniomba nimgeuze kiti aangalie upande wa mnara, akaanza kuhangaika na kifungo cha juu cha koti. Nikasimama kando. Upepo ulikuwa mkali. Kilichukua muda, kikafungika.

Kwa ruhusa yake nilimtumia baba mdogo picha. Alijibu kwa sauti usiku, baada ya isha.

"Huyo bibi ana miaka mingapi?"

"Sabini na minane."

"Basi ni mkubwa wangu. Mpe shikamoo yangu. Mwambie inatoka kwa koplo mstaafu, Tabora."

Asubuhi yake, kabla ya chai, nilimweleza bibi shikamoo ni nini, inatolewa na nani kwa nani, na inajibiwaje. Alijaribu mara nne. Marahaba inamshinda pale kwenye r na h. Ya tano tukairekodi tukaituma.